Harusi ya Dalali Mrisho

Ukiitaja harusi ya Dalali Mrisho pale Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, watu wanaanza kucheka kabla hujamaliza kulitamka jina. Na siku ile Mrisho hakuoa. Aliyeoa ni Hamis, fundi cherehani, na aliyeolewa ni Waridi, binti wa Mrisho mwenyewe. Lakini muulize mtu yeyote bwana harusi alivaa nini. Atakuna kichwa. Muulize Mrisho alivaa nini. Atakutajia mpaka rangi ya vifungo.

Enzi hizo Mjerumani alikuwa ameshaondoka na Mwingereza ameshaanza kulizoea joto letu. Mrisho bin Mbwana alikuwa dalali wa mnada nje ya soko. Mtu akitaka kuuza kitanda, au baiskeli ya marehemu, au sahani ambazo mke aliziacha alipoondoka kwa hasira, alimpelekea Mrisho. Yeye alipanda juu ya sanduku la chai, akalipiga debe kwa fimbo, sauti ikatoka. Ilikuwa sauti ya kumfanya mtu aliyeko Mnazi Mmoja ageuke kutazama ni nani kamwita.

"Mara ya kwanza! Mara ya pili!"

Hapo husimama. Hujifuta jasho taratibu, huwatazama watu wanavyomtazama, na akishashiba macho yao ndipo humalizia.

"Mara ya tatu! Kimekwenda!" Na debe linalia pwaa.

Jambo moja tumpe haki yake. Kitu alichokwisha kukitamkia mara ya tatu, Mrisho hakukirudisha. Siku moja alinogewa na mnada mpaka akauza sanduku alilosimamia mwenyewe. Watu wakamwambia, "Dalali, hilo lako!" Akajibu, "Nimeshasema mara ya tatu." Akashuka, akalitoa, akaendelea na mnada akiwa juu ya debe.

Mengine yote aliyageuza. Asubuhi hivi, adhuhuri vile, na aliyemkumbusha alionekana yeye ndiye mwongo.

Hamis alikuwa na cherehani yake kwenye kibaraza cha duka la nguo la Chandu. Ndivyo kazi ilivyokuwa: mteja anaingia ndani kwa Chandu kuchagua kitambaa, anatoka nacho nje, fundi anampima, anamshonea huku mteja amekaa kwenye benchi akisema habari za watu. Waridi alikuwa akija pale kununua uzi. Alinunua uzi mweupe, akanunua mweusi, akanunua wa kijani ambao hakuwa na nguo yake. Baada ya muda nyumbani kwao kulikuwa na uzi wa kutosha kushona matanga ya meli, na Chandu, ambaye hakuwa mjinga, akawa akimwona tu anakuja, yeye anaingia stoo kutafuta kitu kisichokuwepo, ili vijana wapate kusemezana.

Hamis alitaka kumwoa Waridi, na Waridi alitaka kuolewa na Hamis. Hilo halikuwa na shida. Shida ni kwamba binti haozeshwi bila baba yake, na baba yake ni Mrisho.

Siku moja duka limejaa watu, Mrisho akapita na fimbo yake kwapani.

"Mwanangu Hamis!" alipaza sauti. "Jamani, mnamwona huyu? Toka Bagamoyo mpaka Kilwa hakuna fundi kama huyu. Kidole chake kimoja ni sawa na cherehani tatu. Laiti Mungu angenipa mtoto wa kiume, ningemwomba anipe huyu!"

Watu wakapiga makofi. Sindano ya Hamis ikakatika kwa furaha. Jioni ile ile akamwendea shangazi yake, Bi Mgeni, muuza vitumbua aliyemlea, akamwambia wakati ndio huu.

Bi Mgeni akavaa kanga yake ya sikukuu, akachukua majirani wawili wanaojua kusema, wakaenda kuposa. Walimkuta Mrisho barazani pamoja na wazee wa mtaa. Hawajamaliza hata maneno ya utangulizi, Mrisho akasimama.

"Mnaniuliza kama nimekubali? Mimi nilikubali kabla hamjatoka kwenu! Waridi ni wenu! Achinjwe kuku!"

Kuku akachinjwa. Alikuwa kuku wa jirani, lakini hilo lilikuja kusuluhishwa baadaye.

Asubuhi yake Hamis akavaa kofia safi akaenda kumwamkia mkwe. Mrisho alikuwa peke yake barazani, anachokonoa meno kwa njiti.

"Shikamoo, baba."

"Baba yako nani?"

Hamis akageuka nyuma kutazama kama kuna mtu mwingine. "Mimi Hamis, baba. Fundi. Jana tulikuja..."

"Jana imekwisha jana. Na kwa kuwa umekuja, hebu nikuambie. Ile kanzu uliyonishonea inanipeleka kushoto. Nikitaka kwenda sokoni najikuta Gerezani."

"Lakini posa..."

"Posa ya nani? Binti yangu aolewe na mtu anayekanyaga chuma kutwa kama anakimbia na hafiki? Ondoka hapo, unanizibia upepo."

Hamis akarudi kwa Chandu ameinamisha kichwa, akakaa kwenye cherehani, akashona mkono wa shati mahali pa kola.

"Ni tumbo," alisema Chandu baada ya kusikia kisa. "Mtu mwenye njaa asubuhi asichukuliwe maneno. Mjaribu ameshiba."

Hamis akampelekea vitumbua vya Bi Mgeni, bakuli zima. Mrisho akavila vyote peke yake, akalamba vidole, akasema vina mafuta mengi, akamfukuza.

"Basi si tumbo, ni jino," alisema Hamis. Akampelekea karafuu. Mrisho akauliza kwani yeye pilau?

Bi Mgeni hakutaka habari za matumbo na meno. Yeye alisema ni jini. "Jini lenyewe la sura mbili, mwanangu. Moja inacheka, moja inanuna, na wewe unabisha hodi hujui imeamka ipi." Akapita mbele ya baraza ya Mrisho na chetezo cha udi, akijifanya anakwenda zake. Mrisho akapiga chafya mpaka mchana.

Halafu ikaja Ijumaa. Watu wametoka kuswali, wamejaa njiani wanapeana mikono, na Mrisho akamwona Hamis katikati yao. Akamkumbatia hadi miguu ikaninginia.

"Mkwe wangu huyu! Nimempa binti yangu kwa moyo mweupe. Nani mwingine mtaani hapa angempa fundi maskini binti kama Waridi?"

"Mashallah, dalali! Una moyo!" wakasema watu.

Hamis akaamini tena. Kabla ya magharibi akapita nyumbani kwa mkwe kuuliza lini shangazi arudi kupanga siku. Mrisho alikuwa peke yake uani, akamjibu bila kugeuza shingo: "Siku ya nini?"

Bi Mgeni aliposikia akavua kanga ya sikukuu akaikunja. "Sikiliza, Hamis. Mimi si ndoo ya kisimani, kushushwa na kupandishwa. Nitakwenda kwa mtu yule mara moja tu, na hiyo ndiyo ya mwisho. Akigeuka tena, nitakutafutia mke Kigamboni, kwa watu wenye sura moja moja."

Kigamboni kulikuwa na wasichana wazuri, Hamis hakukataa. Lakini hakukuwa na Waridi.

Jumatatu, mnada ukiwa umechangamka, Hamis alipeleka suruali kwa mteja karibu na soko. Mrisho alikuwa juu ya sanduku lake jipya anauza kitanda cha besera, chenye nguzo nne na kitambaa juu. Watu walikuwa wengi. Mteja akaivaa suruali palepale ndani ya msuli wake, akauvua msuli, akazunguka, akasema kwa sauti, "Loo! Itazameni hii suruali! Imenikaa kama nimezaliwa nayo!"

Watu wakageuka. Mmoja akamwuliza Hamis anachukua muda gani kushona, mwingine akaugusa mshono, wa tatu akauliza anakaa wapi. Juu ya sanduku, Mrisho alisema mara ya pili, akajifuta jasho taratibu, akatazama mbele, akaona migongo mitupu.

Akalipiga debe mpaka likabonyea.

"Kitanda basi! Sasa nauza fundi!" Fimbo ikamwelekea Hamis. "Fundi huyu hapa, mwenye masikio makubwa! Anakula sana, anashona kidogo! Nani anamtaka? Bei yoyote!"

Watu wakarudi mbio. "Nampa kuku!" akasema mmoja.

"Kuku mzima kwa huyu? Mwogope Mungu! Haya, kuku! Mara ya kwanza!"

"Kuku na mayai yake!" akasema mwingine.

Watu wakaangua kicheko. Wengine walishikana mabega, muuza kahawa akaweka chini dele lake ili acheke vizuri. Na wote walikuwa wakimtazama Mrisho. Hamis, pale chini, masikio yamemwiva kwa aibu, alimwona Mrisho akipokea kicheko kile kama mmea uliomwagiwa maji. Mabega yalipanda, kifua kikafunguka, uso ukang'aa.

"Mara ya pili!" alisema Mrisho, akajifuta jasho. Halafu akaruka chini, akamshika Hamis mkono, akauinua juu. "Simuuzi! Huyu ni mkwe wangu, jamani! Hata mkiniletea ng'ombe simuuzi!"

Watu wakashangilia. Kwa pumzi moja Hamis alikuwa ametukanwa, ameuzwa na kukumbatiwa, na kitanda bado hakijanunuliwa.

Kesho yake Waridi alikuja kununua uzi. Chandu akaingia stoo.

"Nimesikia bei yako ilifika kuku na mayai," alisema Waridi, akaitandaza kanga juu ya cherehani kama anayeonyesha pindo la kushonwa.

"Usinicheke. Babako mgonjwa."

"Hana ugonjwa wowote. Hebu niambie. Ijumaa alipokukumbatia, kulikuwa na nani?"

"Watu wote wa msikitini."

"Na jioni alipokuuliza siku ya nini?"

"Hakukuwa na mtu. Yeye na mimi."

"Na jana alipoanza kukuuza, watu walikuwepo?"

"Walikuwepo tele! Ndiyo maana nasema hana mpango. Mbele ya watu ananipenda, mbele ya watu hao hao ananitukana."

"Walikuwa wanamtazama nani?"

Hamis akataka kujibu. Aliiona tena ile migongo. "Suruali," alisema polepole.

"Suruali yako. Umemnyang'anya watu wake. Walipomrudia, akakurudia na wewe." Waridi akaligeuza pindo upande wa pili, maana kulikuwa na mwanamke anapita. "Hamis, sisi nyumbani hatuli, tunamtazama baba. Sahani zinaandaliwa, yeye anaanza kusimulia mnada wa leo, na wewe umtazame mpaka amalize. Ukishusha macho kwenye ubwabwa, amenuna, anaugeukia ukuta siku mbili. Mama alichoka akarudi kwao Bagamoyo. Mimi tangu nijue kushika tonge nakula wali wa baridi."

"Sasa mimi ananipenda au ananichukia?"

"Wewe hata hakufikirii."

Hamis alionekana ameumia kuliko siku aliyouzwa.

"Usinune na wewe, wanunaji wananitosha," alisema Waridi akicheka. "Nakuambia ili upumzike. Wewe unapeleka vitumbua, unapeleka karafuu, unajiuliza umekosa nini. Hujakosa kitu. Acha kumwomba akupende. Mpe kitu cha kutazamwa nacho, na hakikisha safari hii haishii mara ya pili." Akaikunja kanga. "Na ufanye haraka. Nisipotoka pale nitazeeka nimekaa mbele ya baba, macho nimeyakodoa, tonge mkononi."

Alipoondoka, Chandu alitoka stoo na jora la kitambaa mabegani. Lilikuwa mahameli ya zambarau, nzito kama godoro, ambayo mteja mmoja aliiagiza akafa kabla haijafika. Ndani ya joto la Dar es Salaam hakuna aliyewahi hata kuuliza habari zake.

"Nilikuwa natafuta kitu stoo," alisema Chandu, "na safari hii nimekipata. Chukua. Panya wenyewe wameikataa."

Mchana ule Mrisho alipopita, Hamis hakusema posa wala siku. Alitoa stuli katikati ya kibaraza.

"Dalali, panda hapa nikupime. Nashona koti la baba wa bibi harusi. Sijui nani atakuwa na kifua cha kulivaa isipokuwa wewe."

Mrisho akapanda. Hamis akapita na utepe mgongoni, akavitangaza vipimo kwa sauti ya mnada. "Mabega, jamani! Utepe hautoshi! Chandu, lete utepe mwingine!" Wapita njia wakasimama. Mrisho akainua mikono, akageuka upande huu, akageuka upande ule, akauliza watu wa nyuma kama wanaona.

Hamis angeweza kumpima mara moja akamaliza. Alimpima kila siku. Leo mkono wa kulia, kesho wa kushoto, keshokutwa akasema inawezekana mkono wa kulia umekua. Mrisho hakukosa hata siku moja, na hakugeuka hata siku moja, maana ingekuwaje akatae harusi huku anapimwa koti lake? Watu walijipangia kabisa: baada ya kahawa, twende tukamwone Mrisho anavyopimwa.

Koti lilipokwisha lilikuwa na zari begani, zari kifuani, na vifungo vya shaba ambavyo zamani vilikuwa vya baharia. Mrisho aliliona, akanyamaza, jambo ambalo Kariakoo haikuwa imelishuhudia.

"Nitalivaa Idi," alisema alipopata sauti.

"Unaweza," alisema Hamis, akalikunja polepole. "Shida ni kwamba ukilivaa Idi, siku ya nikaha watu watakuwa wameshalizoea."

"Watalizoea?" Mrisho alisema kama aliyepewa habari ya msiba.

"Watalizoea, dalali. Watasema, ah, lile koti."

Mrisho akapiga fimbo chini. "Basi nikaha iwe kabla ya Idi! Kwani nani anayeichelewesha harusi hii? Hamis, mvivu wewe! Nenda kamwite shangazi yako, kila siku namngoja haji!"

Bi Mgeni akaitoa tena kanga ya sikukuu, akienda huku anasema njiani peke yake kwamba jini limeamka upande mzuri.

Siku ya nikaha, baada ya alasiri, mikeka ilitandikwa barazani kwa Mrisho. Kazi yake ilikuwa ndogo. Alitakiwa akae pale alivae koti lake, angoje bwana harusi aletwe kwa matari kutoka kwa Bi Mgeni, Mtaa wa Kongo. Mrisho akakaa, akalivaa, akangoja. Wazee wa mtaa walikuwa wamekwenda kumleta bwana harusi. Wanawake walikuwa ndani na Waridi. Barazani alibaki yeye na paka. Akamgeukia paka, akamwonyesha vifungo. Paka akaondoka.

Kwa mbali yakasikika matari na vigelegele. Watu wote walikuwa kule.

Mrisho akavumilia kidogo. Halafu akashindwa.

Msafara ulipokuwa unakata kona ulimkuta anakuja mbio, zambarau tupu, jasho linamtiririka. Akajipenyeza mbele, mahali pa bwana harusi. Hamis, kanzu yake nyeupe na kofia yake ya kila siku, akasogea nyuma hatua moja, halafu nyingine, mpaka akajikuta anatembea na wabeba viatu. Madirishani asumini zikamwagwa juu ya mahameli. Mrisho akainua mkono huku na huku, akapelekwa kwa matari mtaa mzima, akafika mbele ya nyumba yake mwenyewe, akabisha.

"Hodi!"

"Karibu, bwana harusi!" akaitikia mwanamke mmoja kutoka ndani.

Shehe wa kuozesha, Shehe Salem, alitokea Kigamboni, na kivuko cha Magogoni kilikuwa kimemchelewesha. Aliingia anahema, hamjui mtu. Akatupa macho mkekani kumtafuta bwana harusi. Akaliona koti. Akaenda moja kwa moja, akaketi mbele ya Mrisho, akamshika mkono.

Kila mtu pale alijua. Hakuna aliyesema. Walitaka kuona litafika wapi. Hamis alikuwa amekaa mwisho wa mkeka karibu na dele la kahawa, na mtu mmoja asiyemfahamu alikuwa ameshampa vikombe asambaze.

"Mwanangu," Shehe Salem alianza, akamtazama Mrisho ndevu zenye mvi, "ingawa si kijana sana, ndoa ni kheri wakati wowote. Huyu ni binti mdogo. Umsikilize. Usimpandishie sauti."

Mrisho akaitikia kwa kichwa, ameguswa kabisa. Hajapata kupewa hotuba ya peke yake mbele ya umati.

"Jina lako nani, bwana harusi?"

"Mrisho bin Mbwana, dalali!"

"Na bibi harusi?"

"Waridi binti Mrisho!"

Shehe akauachia mkono ule kama umemwunguza. "Mrisho yupi?"

"Mrisho ni mmoja tu Kariakoo! Mimi!"

"Astaghfirullah!" Shehe Salem aliruka akasimama. "Mnanitoa Kigamboni nije nimwozeshe mtu binti yake?"

Hapo kicheko kikapasuka. Wazee waliinamia bakora zao, ndani wanawake wakapiga kelele, mtu mmoja akaanguka kutoka barazani akaendelea kuchekea chini. Mrisho alitazama kulia, akatazama kushoto. Mara ya kwanza alitabasamu, maana alidhani amesema jambo zuri. Halafu akaelewa wanamcheka yeye.

Hamis aliuona uso ule unavyobadilika. Aliujua. Ulikuwa uso wa asubuhi, wa njiti ya meno.

"Mnanicheka?" alisema Mrisho, sauti imeshuka. "Nyumbani kwangu? Ndani ya koti langu? Basi sikilizeni. Harusi hii ha..."

"Dalali!" Hamis alisimama na vikombe vyake mikononi. "Dalali, watu wa nyuma hawakusikii! Wanasema hawajaona kitu!"

Mrisho akainua shingo kuwatazama watu wa nyuma.

Bi Mgeni, dirishani, hakuhitaji kuelezwa. "Wala sisi hatulioni koti!" akapaza sauti. "Wanawake tumekuja bure? Panda juu tukuone!"

"Panda, dalali!" wakaitikia watu wa barabarani, ambao kweli walikuwa hawaoni. "Panda juu!"

Mrisho akatazama chini kutafuta pa kupanda. Mlangoni pazia likafunuka kidogo. Mkono wenye hina ukatoka, ukasukuma nje debe la mnada, ukarudi, ukatoka tena na fimbo.

Akapanda. Mtaa mzima ukanyamaza kumtazama. Jua la jioni lilizipiga zari zikametameta, na mtu aliyekuwa bado anacheka akakanywa na mwenzake. Mrisho akavuta pumzi, na sauti ile ikatoka.

"Waridi binti Mrisho! Nimemwozesha kwa Hamis, fundi, mkwe wangu! Mara ya kwanza!"

Vigelegele.

"Mara ya pili!"

Hapo akasimama. Akajifuta jasho taratibu. Leso ikatoka zambarau, maana mahameli ilikuwa imeanza kuchuja. Akawatazama watu wanavyomtazama, mmoja mmoja. Hamis hakupumua. Hapa ndipo mnada wa siku ile ulipoishia. Kikombe kimoja kilimteleza kikavunjika, na hakuna hata mtu mmoja aliyegeuka.

"Mara ya tatu! Kimekwenda!"

Fimbo ikashuka kwa nguvu, debe likalia pwaa, likabonyea, na Mrisho akaporomoka mapajani mwa Shehe Salem.

"Haisemwi kimekwenda," alisema Shehe akijinasua. "Haya, baba wa binti keti hapa. Bwana harusi yuko wapi? Wewe mgawa kahawa, mtafute bwana harusi."

"Ndiye mimi, shehe."

Shehe akamtazama, akatazama vikombe, akaamua asiulize. Akawashikanisha mikono, wakasema maneno kama yanavyotakiwa. Hamis alisema "nimekubali" kwa sauti ya kawaida, na hawakumsikia wengi, kwa sababu walikuwa wamekwisha mzunguka Mrisho kumpa hongera.

Mrisho hakulivua koti lile mpaka usingizi ulipomchukua, na shingo yake ilibaki zambarau mpaka Idi ikapita. Aliyemwuliza, alimwonyesha.

Asubuhi ya pili Hamis akaenda kumwamkia. Alimkuta peke yake barazani.

"Shikamoo, baba."

"Baba yako nani?"

Safari hii Hamis hakugeuka nyuma. Alikaa kwenye ngazi, akangoja. Mara akapita muuza maji na mapipa yake.

"Aa, mkwe wangu!" akanguruma Mrisho. "Wewe wa maji, umeshaonana na mkwe wangu? Njoo nikusimulie harusi!"

Hamis akamwachia muuza maji kazi ile, akarudi chumbani kwake Mtaa wa Kongo. Waridi alikuwa ameandaa chai na mkate wa kumimina. Hamis akaketi, akaanza kumweleza ya muuza maji, kisha akasita. Waridi hakuwa akimtazama. Macho yake yalikuwa kwenye sahani. Alimega kipande, kingali moto, moshi unatoka, akakitia mdomoni, akatafuna polepole, akamega kingine.

Hamis akanyamaza, akamega na yeye.